Usiku Mrefu na Deni la Msimulizi

Saa kumi za usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2019, wakati ambapo Ruti, kitongoji cha Mbarara nchini Uganda, huwa ingali imelala na malori yamejipanga kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Ntungamo na Kabale, idhaa ya M-Net iliwarushia wenye visahani na ada katika Afrika Mashariki sehemu ya 3 ya msimu wa 8 wa tamthilia ya Game of Thrones, katika dakika ileile ambayo watu wa New York walikuwa wakiitazama baada ya chajio chao cha Jumapili. Sehemu hiyo iliitwa The Long Night, yaani Usiku Mrefu, ikadumu dakika 82, na ndani yake ulikuwamo ule mpambano wa walio hai na wafu ambao watazamaji walikuwa wameahidiwa tangu mwaka 2011. Kulipopambazuka, lalamiko la kwanza lililosikika pande zote za dunia lilikuwa kwamba watu hawakuona kitu. Na baada ya siku chache, giza lilipokwisha kusamehewa na wengi, likabaki lalamiko la pili lililo zito zaidi, kwamba hata kile kilichoonekana hakikuwa kile walichokuwa wakikidai.

Kwa msomaji ambaye hakupata kuifuata tamthilia hiyo, wala hana sababu ya kuona haya kwa hilo, yafaa ielezwe kwa muhtasari. Ni hadithi ya falme za kubuni zinazogombea kiti kimoja cha enzi, na kwa sehemu kubwa mambo yake ni yale yanayojulikana katika tarehe ya kila nchi: ndoa za masilahi, hiana za ndugu, wafalme wajinga na mawaziri werevu. Lakini kaskazini mwa falme hizo upo ukuta wa barafu, na nyuma ya ukuta huo wapo viumbe wasio watu, wenye macho ya samawati, ambao humwua mtu kisha wakamwinua awe askari wao. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba viumbe hawa ndio waliofungua hadithi. Katika onyesho la kwanza kabisa, kabla mtazamaji hajamjua mfalme wala malkia yeyote, waliwaua watu msituni, na kwa tendo hilo msimulizi aliweka ahadi kwamba ugomvi wote wa enzi utakaofuata ni mchezo wa watoto wanaopigana ndani ya nyumba hali moto umeshika paa. Kwa miaka minane ahadi hiyo ilirudiwa: wazee waliitaja, mashujaa walikwenda kuishuhudia, na Jon Snow, aliyeuawa kwa visu vya wenzake, alifufuliwa katika msimu wa 6 ili, kama kila mtu alivyodhani, akabiliane na mkubwa wa wafu hao, ambaye huitwa Mfalme wa Usiku.

Katika sehemu ile ya Aprili, jeshi la wafu lilifika kwenye ngome ya Winterfell. Wapandafarasi wa Dothraki, ambao panga zao zilikuwa zimewashwa moto kwa dua ya mchawi mwanamke Melisandre, walitoka mbio kuwakabili adui katika giza, na wale waliobaki nyuma wakaiona ile mienge ikizimika mmoja baada ya mwingine hata pasibaki kitu. Na insafu yatudai tukiri kwamba onyesho hilo ni miongoni mwa maonyesho bora ya hofu yaliyopata kutengenezwa kwa ajili ya televisheni. Kisha kuta zikapandwa, moto wa joka ukashindwa kumdhuru Mfalme wa Usiku, na wanawake na watoto waliofichwa katika makaburi ya chini ya ngome wakavamiwa na wafu wa humohumo. Mwishowe, wakati adui alipokuwa amesimama mbele ya kijana Bran tayari kumwua, Arya, dada wa kijana huyo, aliruka kutoka gizani akamchoma kwa jambia. Mfalme wa Usiku akavunjika vipande kama barafu, na jeshi lake lote likaanguka papo hapo. Hakupata kusema neno hata moja, wala hapana aliyeeleza kwa ukamilifu alikuwa akitaka nini. Zikabaki sehemu tatu, na zote tatu zilirejea kwenye ugomvi wa kiti.

Tuanze na lalamiko jepesi, nalo ni la giza. Mpiga picha mkuu wa sehemu hiyo, Fabian Wagner, alijibu kwamba picha zake hazikuwa na kasoro, kwamba giza lilikusudiwa, na kwamba makosa ni ya namna picha zinavyobanwa ili zipite katika mitambo na intaneti, pamoja na watu wanaotazama katika vyumba vyenye mwanga na kwa runinga zisizorekebishwa vema. Jawabu hilo lina ukweli wa kifundi, kwa maana picha inapobanwa, rangi nyeusi zinazokaribiana hukusanywa zikawa rangi moja, na kile ambacho mtengenezaji alikiona kuwa ni moshi juu ya theluji humfikia mtazamaji kama madoa ya makaa. Walakini ni jawabu la mtu ambaye amemfikiria mtazamaji mmoja tu, naye ni yule mwenye chumba cha giza na kioo cha thamani. Lau angaliutazama ulimwengu kwa upana wake, angaliona kwamba watazamaji wengi wa dunia hawamo katika chumba hicho.

Chukua kibanda cha video, mfano wa vile vilivyo katika vitongoji vya Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni jengo la mbao au la udongo, limeezekwa kwa mabati, mlango wake umetundikwa kitambaa kizito ili jua lisiingie, nalo huingia vivyo hivyo kwa kila tundu la msumari. Ndani mna mabenchi, runinga moja au projekta, na vipaza sauti vikubwa kuliko haja. Sizoni hizi, kama vijana wanavyoziita, hufika hapo zikiwa zimenakiliwa kutoka diski hata diski na kutoka kadi hata kadi, na kila nakala imebanwa zaidi ya mama yake ili faili iwe ndogo. Picha yenye nuru huvumilia safari hiyo ikafika na sura yake. Picha ya giza hufika haina uso. Kwa hiyo, alilolalamikia mtu wa Chicago kwa usiku mmoja ni hali ambayo mtazamaji wa kibanda anaijua mwaka mzima, na tofauti ni kwamba safari hii tajiri na maskini walikaa benchi moja.

Nakivale yenyewe, ambayo ilifunguliwa karibu na mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na ambayo leo, katika wilaya ya Isingiro, ina watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, ni mahali ambapo Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura hukutana na Kinyankore cha wenyeji na Kiganda cha redio. Na filamu ya Kiingereza ikiingia katika mchanganyiko huo haiwezi kwenda kwa miguu yake yenyewe. Hapo ndipo anapoingia msimulizi, ambaye Uganda humwita VJ. Kazi yake, iliyoanza Kampala katika miaka ya mwisho wa karne iliyopita na kuzaa majina kama VJ Jingo na VJ Junior, ni kuisimulia filamu juu ya sauti zake za asili: huwafasiria watu maneno, huwapa wahusika majina ya mtaani, huonya, hucheka, hukumbusha yaliyopita, na mara nyingine humsuta shujaa kwa upumbavu wake. Tanzania alikuwapo Lufufu, jina la sanaa la Derek Mukandala, aliyewahi kuwa mwanajeshi, ambaye kanda zake za Kiswahili zilisikilizwa kama wanavyosikilizwa waimbaji mashuhuri. Na Kenya yupo DJ Afro. Sanaa hii imekwisha kuingia hata ndani ya filamu zenyewe, kwani Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, na Nabwana I.G.G., hujulikana duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie, na mtu akiiondoa sauti hiyo atakuwa ameondoa nusu ya kazi.

Msimulizi wa namna hiyo anaweza kutibu giza. Kioo kikiwa cheusi, yeye husema nani amepanda ukuta, nani ameanguka, na upanga ni wa nani. Na hadhira, ambayo imezoea kusikia hadithi kabla ya kuiona, huridhika kwa sikio pale jicho liliponyimwa. Lakini liko jambo moja ambalo hata msimulizi hodari hawezi kulitibu, nalo ni deni la hadithi yenyewe. Mtu aliyechukua vitu dukani kwa mkopo kwa muda wa miaka minane, akiandikisha kila siku katika daftari la mwenye duka, hawezi kuja siku ya mwisho akatupa mezani sarafu moja inayong'aa na kusema kwamba hesabu imekwisha. Na lalamiko la pili la watazamaji, lile zito, lilikuwa lalamiko la wenye daftari.

Hadithi ya maajabu hudhaniwa na wengi kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu mtungaji wake ana ruhusa ya kuleta jini, joka au mfu anayetembea wakati wowote apendapo. Kinyume chake ndicho kweli. Katika hadithi ya mambo ya kawaida, sheria zinajulikana na kila mtu bila ya kutajwa: aliyechomwa kisu hufa, aliyekufa hazungumzi, na farasi hapai angani. Katika hadithi ya maajabu sheria hizo zimeondolewa, na mtungaji asipoweka nyingine mahali pake akazishika kwa uaminifu, hofu yote huyeyuka, kwa kuwa mtazamaji hujiambia kwamba lolote laweza kutokea, na palipo na uwezekano wa lolote hapana tena la kuogopwa wala la kutumainiwa. Ndiyo maana masimulizi ya kale ya maajabu aghalabu ni magumu kama mikataba ya makadhi: jini ana sharti lake, pete ina masharti yake, na shujaa ana mahali pamoja ambapo silaha moja, wala si nyingine, yaweza kumpata.

Pwani yetu ina mfano ulio bora wa jambo hili katika hadithi ya Fumo Liongo, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 kama alivyoisikia, na ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitungia utenzi mwaka 1913. Liongo naye alikuwa hadhuriki. Hapakuwa na mkuki wala mshale wa kumwua, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Tazama basi jinsi wazee walivyolipa deni la ajabu hiyo. Siri haikufichuka kwa bahati, bali ilitafutwa na adui zake kwa mwanawe mwenyewe, ambaye wengine husema alikuwa mpwawe. Kijana huyo aliahidiwa ndoa na heshima, akaja kumwuliza babaye kwa ulimi wa mahaba, na babaye, akijua au akishuku alichotumwa, alimwambia. Kijana akamchoma usingizini. Na hata hapo Liongo hakuanguka kama ukuta wa mchanga, bali aliinuka, akatwaa uta na mishale yake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, akafa katika hali hiyo, hata watu wa mji wakakaa bila maji wakimwogopa mtu aliyekwisha kufa. Muuaji hakupata alichoahidiwa.

Silaha moja, mahali pamoja, pigo moja la ghafula: kwa umbo la nje, kifo cha Liongo na kifo cha Mfalme wa Usiku ni ndugu. Tofauti ni gharama. Kifo cha kwanza kilimgharimu baba imani yake, kikamgharimu mwana nafsi yake, kikaugharimu mji maji ya kunywa. Na kila aliyesikia alijua tangu siri ilipotamkwa kwamba sindano inakuja, akawa akiogopa kuja kwake. Kifo cha pili kilimgharimu muuaji mruko mmoja. Wenye kuitetea sehemu ile husema, na husema kweli, kwamba jambia lile lilionekana tangu msimu wa 1, lilipotumiwa kujaribu kumwua Bran kitandani, na kwamba Bran mwenyewe alimpa dada yake katika msimu wa 7. Vilevile kwamba Arya alikuwa amefundishwa kwa miaka jinsi ya kuua kimyakimya. Hayo yote yanathibitisha kwamba silaha iliwekwa mahali pake na mkono uliandaliwa. Hayathibitishi kwamba moyo uliandaliwa. Arya hakuwa na kisa chochote na Mfalme wa Usiku. Jon Snow, aliyekuwa nacho na ambaye kifo chake kilifutwa kwa ajili hiyo, aliutumia wakati ule akimzomea joka mfu uani.

Tena si lazima maajabu yaishe kwa pigo. Katika nchi hiihii ya Ankole na Bunyoro, wazee walisimulia habari za Bachwezi, watawala waliohesabiwa kuwa nusu watu na nusu mizimu, ambao makumbusho yao watu huyaonyesha hata leo katika mahandaki ya Bigo karibu na mto Katonga. Hawakushindwa vitani. Dalili ziliwajia moja baada ya moja: vijakazi na raia wakapungukiwa na adabu, ng'ombe wao mpendwa Bihogo akafa, na ndama alipochinjwa kwa ajili ya kuagua, matumbo yake hayakukutwa mahali pake. Mwaguzi aliyetoka kaskazini akawafasiria kwamba enzi yao imekwisha na wengine wanakuja kutawala, nao wakaondoka, wakatoweka. Na nchi ikashikwa na koo mpya, ambazo Bahinda wa Nkore ni mojawapo. Msikilizaji wa hikaya hiyo hapati vita hata vya dakika moja, walakini hanung'uniki, kwa kuwa kila hatua ya mwisho imetangulizwa na ishara yake na mwisho wenyewe unabadilisha dunia inayobaki. Katika Usiku Mrefu vita vilikuwa vikubwa ajabu, hata ikasemwa kwamba usiku 55 ulitumiwa kupiga picha za nje peke yake, lakini siku ya pili yake dunia ilikuwa kama ilivyokuwa: watu walewale waliobaki waliwachoma maiti wao, wakala karamu, wakaendelea kugombea kiti kilekile.

Sababu za upungufu huu si za siri, na ni sababu za kibinadamu. Tamthilia ilitokana na vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1996 na cha 5 mwaka 2011. Cha 6 hakikuwa kimetoka tamthilia ilipofika kikomo. Kwa misimu ya mwanzo watengenezaji, David Benioff na D. B. Weiss, walikuwa wakifasiri kitabu; baadaye njia iliwaishia mbele ya miguu, wakawa na habari za jumla tu za mwisho, bila ya zile kurasa elfu za sababu zinazomfikisha mtu mwisho. Kujua mahali pa kufika si sawasawa na kuijua njia. Juu ya hayo, misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, lakini wa 7 ukawa na sehemu saba na wa 8 sehemu sita, si kwa sababu ya ufukara, maana kampuni ya HBO ilikuwa radhi kutoa zaidi, bali kwa sababu wenye kazi waliamua kuwa inatosha. Basi mambo yaliyohitaji nafasi ya kukomaa yakapewa nafasi ya kutajwa tu.

Haraka hiyo ilidhihirika zaidi katika sehemu ya 5, iliyofika kwetu alfajiri ya tarehe 13 Mei, katika mwezi wa Ramadhani, saa ambayo nyumba nyingi za Waislamu wa Mbarara zilikuwa macho kwa ajili ya daku. Malkia Daenerys, ambaye kwa misimu saba alijulikana kwa kufungua minyororo ya watumwa, aliuteketeza mji uliokwisha kupiga kengele ya kusalimu amri, pamoja na watoto wake. Yawezekana mtu mwema akageuka dhalimu. Tarehe ya Afrika imewaona viongozi wa namna hiyo, na wengi waliokimbilia Nakivale wangeweza kuieleza mada hiyo kwa ushahidi kuliko mtungaji yeyote wa Hollywood. Lakini wangesema pia kwamba hawageuki kwa kusikia mlio wa kengele. Hugeuka hatua kwa hatua, kwa sifa za wapambe, kwa hofu, na kwa kila dhuluma ndogo iliyonyamaziwa.

Sehemu ya mwisho ilipokwisha tarehe 20 Mei kwa saa zetu, zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia sahihi ombi la kutaka msimu wote utengenezwe upya na waandishi wengine, jambo lisilowezekana ambalo lina maana yake hata hivyo. Na Septemba ya mwaka uleule tamthilia hiyohiyo ikatunukiwa nishani ya Emmy ya tamthilia bora. Mambo hayo mawili hayapingani. Majaji walitukuza ufundi, nao ulikuwako. Watu walidai deni, nalo halikulipwa.

Watazamaji, hata hivyo, hawakuihama nyumba. Agosti 2022 ilipoanza House of the Dragon, inayosimulia mababu wa Daenerys, waliirudia kwa wingi, na safari hii watengenezaji wana kitabu cha Martin cha mwaka 2018 ambacho kimekwisha kuvieleza vita vya mababu hao vyote hadi kifo cha mwisho. Mtazamaji wa Ruti au wa Nakivale atakayeifuata kwa sauti ya msimulizi wake afanye kama wafanyavyo wenye daftari: kila ajabu inapoletwa, aandike imeahidi nini, kila inapoondolewa, aulize nani amelipa na amelipa nini. Ikiwa hesabu haitatimia, wenye kazi hawatakuwa na udhuru wa kusema kuwa hawakupewa njia.